Jinsi ya Kumfanya Mtoto Aonekane Anasoma

Kusoma kuna kasoro moja kubwa: hakuonekani. Mtoto anayesoma kweli hukaa kimya pembeni ya mkeka, mdomo umefungwa, macho yanatembea tu, na mgeni akiingia hawezi kujua kama anasoma au ana usingizi. Wewe umelipa ada, umelipa basi la shule, umenunua sweta yenye nembo, halafu mgeni anakunywa chai na kuondoka bila kujua lolote. Haiwezekani. Mwongozo huu ni kwa wazazi na walimu wenye shughuli nyingi, wanaotaka matunda ya kuonekana, tena mapema, ikiwezekana kabla ya Idi au Krismasi, ndugu wanapokutana na kuanza kupambanisha watoto.

Anza mapema. Miaka mitatu inatosha. Ni kweli kwamba umri huo mtoto bado hajamaliza kesi yake na viatu, cha kulia kinaingia kushoto, lakini hilo si la kitaaluma. Mtafutie chekechea yenye usaili. Akiulizwa, "Baba yako anaitwa nani?" naye akajibu, "Baba," hapo amefeli, ingawa ndivyo anavyomwita kila siku. Mrudishe nyumbani mkafanye mazoezi. Akishapokelewa, usiulize anasoma nini. Uliza mahafali ni lini. Joho jeusi, kofia yenye kishada, keki ya ghorofa mbili, mshereheshaji mwenye maikrofoni mbovu, na cheti ambacho mhitimu mwenyewe hawezi kukisoma. Picha zikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, yaliyobaki ni madogo madogo, kama vile herufi.

Tukiingia darasa la kwanza mambo yanataka ustadi zaidi, kwa sababu Serikali imejaribu kutuharibia. Mwaka 2015 ulikuja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na ndani yake mkazo ukawekwa kwenye sauti za herufi: mtoto asikie sauti, aione herufi yake, aziunganishe mwenyewe mpaka zitoe neno. Walimu wakaitwa kwenye semina. Ukifuata mambo hayo neno kwa neno, utajikuta na darasa la watoto wanaosoma kila mmoja kivyake, kwa mwendo wake, kimyakimya, na mwalimu mkuu akipita dirishani atadhani umewalaza.

Dawa ni kiitikio. Andika ubaoni ba be bi bo bu. Mchague kiranja mwenye sauti, mpe kijiti, kisha kaa usahihishe madaftari. Darasa la watoto tisini likishika mdundo, hakuna kitu kizuri kama hicho. Muuza maandazi ng'ambo ya barabara anajua kabisa kwamba elimu inatolewa. Usihangaike kwamba kijiti kiko kwenye "bi" na sauti zimeshafika "bu". Mtazame yule wa karibu na dirisha, safu ya tatu. Macho yake yako kwa mbuzi anayetafuna mfuko wa plastiki uwanjani. Mdomo wake haukosei hata silabi moja. Huyo ndiye mwanafunzi wako wa mfano.

Jihadhari tu usije ukashikwa na udadisi. Wapo walimu wanaokinyakua kijiti, wakagusa "bu" kwanza, kisha "ba", kisha wakaandika "babu" na "bibi" pembeni na kumwita mtoto mmoja peke yake aje asome. Kimya kinachofuata kinaumiza. Usijitafutie. Mthibiti Ubora wa Shule akija, muwe na ukurasa wenu mmoja, tuseme wa kumi na nne, ambao darasa zima limeuhifadhi tangu mwezi wa pili. Mtoto anayeweza kutiririsha ukurasa wa kumi na nne huku kitabu chake kimefunguliwa wa tisa ni hazina; mkalishe mbele.

Lazima nikiri kwamba Kiswahili chenyewe si mshirika mzuri katika mpango huu. Lugha hii imeandikwa kwa ukarimu wa kutia hasira. Herufi "a" ni "a" Jumatatu na ni "a" Ijumaa. Irabu ni tano tu, hazigeuki. Mtoto akishazijua sauti zake, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia, akalitamka sawasawa, kisha akakuuliza maana yake ukashindwa wewe. Ndiyo maana inabidi tujue mahali pa kumkwamisha.

Vikwazo vipo vichache, vitumie vizuri. Kuna "m" ya "mtoto", inayosimama peke yake kama silabi bila irabu, na mtoto aliyezoea ba-be-bi anaitafuta irabu yake haioni. Kuna "ng'" ya "ng'ombe" na "ng" ya "ngoma", zinazotenganishwa na alama ndogo kama kinyesi cha nzi. Lakini kikwazo cha maana, kile ambacho watu wengi hawakioni kwa sababu wameshasahau jinsi kilivyowatesa, ni urefu. Chukua "hawajatuletea". Neno moja, silabi saba. Mtoto anaanza: ha... wa... ja... tu... Kidole kiko chini ya silabi, ulimi unafuata kidole. Le... te... a. Amefika. Amezisoma zote, hakukosea hata moja. Muulize sasa: wameleta au hawajaleta? Anakutazama. Ile "ha" ya mwanzo, iliyobeba habari yote, imeshaanguka njiani alipokuwa akipambana na "tu". Kwake yeye wameleta.

Hapo penye kidole ndipo mtoto hufunguka au hufungika. Mtu mwenye subira angengoja kidogo, akasema, "Haya mwanangu, rudia sasa kwa pamoja," na mtoto mara ya pili angepita haraka kidogo, mara ya tatu angelimeza neno zima na kushtuka mwenyewe kwamba kumbe ni neno analolijua, analisema kila siku dukani. Sisi hatuna muda huo. Unazo njia tatu. Mdakie neno kabla hajamaliza, ili ajue kwamba akikawia kidogo litakuja lenyewe. Au waache wenzake wacheke. Au tumia fimbo, ambayo ina heshima ya ukongwe. Zote zinaleta tunda lilelile: mtoto ataacha kutazama maandishi na kuanza kukutazama wewe. Akisema "ba" na nyusi zako zikapanda, atabadili haraka iwe "da". Nyusi zikishuka, amepata. Baada ya muhula mmoja atakuwa anasoma uso wako vizuri kuliko kitabu chochote, na alama zake zitapanda.

Jambo la kasi lisikupite. Mwaka 2013 watoto wa darasa la pili wa Tanzania Bara walipopimwa kusoma kwa kipimo kiitwacho EGRA, wastani wao haukufika hata maneno 20 ya Kiswahili kwa dakika. Baadaye likawekwa lengo la maneno 50. Sababu ya lengo hilo ni ile ile "ha" iliyoanguka njiani: anayekokota silabi mojamoja hufika mwisho wa sentensi bila sentensi. Sababu tuiache, tuchukue namba. Washa saa ya simu. Mwambie mtoto akimbie. Wapo wanaofika sabini kwa dakika bila kuvuta pumzi, na ukiwauliza nani kaenda sokoni wanakuuliza, "Soko gani?" Usiulize. Swali la "nani kaenda sokoni" limeharibu rekodi nyingi nzuri.

Mchezo huu si mpya na mafanikio yake yanajulikana. Watu wa Uwezo, walioanza kuzunguka nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakipima watoto kusoma miaka kumi na tano hivi iliyopita, walikuwa na karatasi tu: silabi, maneno, aya, na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wakaikuta hadithi hiyo ikiwashinda hata baadhi ya watoto wa darasa la saba. Na mwaka 2012 Serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Fikiria kazi iliyofanyika hapo! Miaka saba darasani, mitihani ya kila muhula, mtihani wa taifa wa kuchagua herufi ya jibu, na siri haikutoka. Hakuna mtoto anayeweza kuficha jambo kwa miaka saba bila msaada wa watu wazima wengi waliojitolea.

Kuhusu vitabu sina mengi. Vikija, vifungie. Kitabu kipya kina harufu nzuri na kurasa zilizonyooka; mtoto ana mikono ya embe. Viwekwe stoo ya ofisi, mlango uwe na kufuli, na ufunguo awe nao mwalimu ambaye yuko likizo ya uzazi. Mwisho wa mwaka taarifa itasema vitabu vyote vipo na havijachakaa, na hakuna atakayekuuliza vimewezaje kutochakaa. Wapo wanaopinga utaratibu huu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991, umekuwa ukipeleka vitabu vya hadithi shuleni na kuwahimiza walimu waviache mikononi mwa watoto, vikunjwe, vichanike, vigombaniwe. Kitabu kilichochanika, kwa akili yao, ni habari njema. Nawaachia.

Sasa nyumbani. Mtoto anarudi saa kumi na moja jioni, alitoka saa kumi na moja alfajiri, na kwenye begi ana hom paketi yenye uzito wa unga kilo mbili. Mwambie akae mezani. Mwambie asinyanyuke. Wewe kaa kwenye kochi na simu yako, na kila baada ya dakika tano sema bila kugeuza shingo, "Soma!" Hakikisha haoni mtu mzima yeyote ndani ya nyumba hiyo ameshika kitabu kwa hiari yake, asije akadhani kusoma ni kitu kinachofanywa na watu huru. Akikosea, mpe kusoma kama adhabu: "Kwa sababu umevunja glasi, kaa hapo usome kurasa mbili." Sijaona njia ya haraka zaidi. Akiwa mwema, mpe katuni.

Na lugha, bila shaka, iwe Kiingereza. Kiswahili atakiokota mtaani. Mtoto ambaye nyumbani anasikia "njoo ule" na "umenawa?" aanzishwe kusoma kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu anayempenda. Faida yake ni kwamba hata akifaulu kulitamka neno, hatajua kama amefaulu, kwa kuwa haliko kichwani mwake la kulinganisha. Halafu Kiingereza, tofauti na Kiswahili chetu chenye ukarimu, huandika hivi na kusoma vile. Utamsikia akirudi kwenye Kiswahili na kusoma "ama" kama "eima". Wageni watafurahi sana. Watoto wengi wangeweza kusoma kwanza lugha wanayoiota usiku, wakaupata ujanja wenyewe wa kusoma, kisha wakauhamishia Kiingereza wakiwa na silaha mkononi. Lakini hebu niambie, joho litavaliwa saa ngapi?

Ukishindwa yote, mpe tableti. Hapa utasikia watu wakitaja Tanga, na inafaa uwe na jibu. Ni kweli kulikuwa na shindano la XPRIZE: tableti zenye masomo ya Kiswahili ziligawiwa vijijini mkoani Tanga, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, vijiji vikafungiwa umeme wa jua wa kuzichajia, na mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Watoto kadhaa walijifunza kusoma hivyo. Lakini programu zile zilimngoja mtoto. Zilimwacha akosee bila kumcheka, zikarudia mara ishirini bila kuvuta sikio. Hiyo ya kwako ina mchezo wa kukata matunda. Mpe tu, atulie.

Nilitaka kuishia hapo, ila mwongozo hauwi wa kweli bila kutaja maadui, na katika nyumba za kwetu maadui ni wawili.

Wa kwanza ni dada wa kazi. Aliishia darasa la saba, na hiyo hadithi ya darasa la pili yeye anaiweza vizuri. Jioni anachambua mchele, mtoto amemwegemea, na chini ya ungo kuna kipande cha gazeti. "Dada, hapa wameandika nini?" "Soma mwenyewe, mimi mikono ina mchele." Mtoto anasoma. Akikwama, dada hana haraka, mchele wenyewe una mawe. Akifika mwisho wanabishana kama kweli yule mchezaji ameuzwa au ni uzushi wa magazeti. Hakuna saa, hakuna fimbo, hakuna anayejua kwamba hilo ni somo. Mtume dukani mmoja wao, haraka.

Adui wa pili ni mbaya zaidi: bibi asiye na miwani. Jioni anakuja na hadithi zake, "Paukwa!" na watoto "Pakawa!", na kwa muda wa saa nzima anamjaza mtoto maneno, majina ya miti, tabia za fisi, sentensi ndefu zenye mkia, vitu ambavyo siku mtoto akivikuta kitabuni vitakuwa ni jamaa zake. Katikati anasimama ghafla na kuuliza, "Sasa unadhani sungura atafanyaje?" na mtoto anafikiri. Hilo peke yake lingetosha kumfukuza arudi kijijini. Lakini ngoja asubuhi. Bibi anatoa bahasha ndogo ya dawa ya presha, anaisogeza mbali na macho, anaisogeza karibu, anakata tamaa.

"Mjukuu wangu, nisomee hapa. Ninywe lini?"

Mtoto anashika bahasha. "Ba... a... da. Ya. Ku... la."

"Baada au kabla?"

Na hapo, kwa mazoea, mtoto anainua macho kuutafuta uso wa mtu mzima. Nyusi za bibi hazipandi wala hazishuki. Bibi hajui. Bibi kwa kweli anataka kujua, na akikosea mtu huyu mdogo, yeye ndiye atakayekunywa dawa na njaa. Jibu haliko usoni. Mtoto anarudi kwenye karatasi, kidole kinatafuta mwanzo wa mstari, midomo inachezacheza bila sauti.

"Baada. Baada ya kula, bibi. Vidonge viwili."

Kazi yako yote ya muhula imebomolewa na bahasha. Mnunulie bibi miwani mapema.

Ukichelewa, dalili utaziona mwenyewe. Kwenye daladala mtoto atakuuliza kwa nini ile nyumba imeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI ilhali hakuna aliyeomba kuinunua. Atasoma mgongo wa bodaboda, kanga ya shangazi, karatasi iliyofungia vitumbua, pamoja na bei iliyoandikwa juu ya kitu ulichomwambia kimeisha. Tangazo la "Ni marufuku kukojoa hapa" atalisoma kwa sauti kubwa, mbele ya baba mtu mzima atakayeupa ukuta mgongo wake sekunde chache baadaye. Darasani ataanza kumalizia sentensi kabla ya kiitikio kufika, na kiranja atamshtaki kwamba anaharibu wimbo.

Na siku moja, wageni wamejaa sebuleni, soda zimeshafunguliwa, wewe unaeleza jinsi biashara inavyokwenda vizuri mwaka huu, simu yako iliyoko mezani itatoa mlio. Mtoto ataichukua ili akuletee, mtoto mwenye adabu, na njiani ataisoma, bila kukokota, bila kukosea hata silabi moja: "Ndugu mteja, deni lako limepita siku ya mwisho ya malipo..."

Wapo wazazi waliobadilisha lugha ya simu ikawa Kiingereza. Inasaidia kwa mihula miwili hivi.